Nukta za Tingatinga: Historia Fupi ya Katuni Iliyosafiri

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeizoea mno hata aghlabu hatujiulizi upande wake wa pili: ngoma ikitoka kwao, ikachezwa ugenini mbele ya watu wengine, hutunzwa nani? Swali hili halikuanza leo, wala halina jibu moja. Lakini ipo historia moja ya karibuni, tena ya karibu nasi, inayotusaidia kulitazama bila ya hasira na bila ya kujisahau. Nayo ni historia ya Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni za watoto ulioanza kuonyeshwa na CBeebies, idhaa ya BBC ya watoto wadogo, mwezi wa Februari 2010.

Mfululizo huo ulikuwa na vipindi 52, kila kimoja cha dakika 11 hivi, kisha utengenezaji wake ukakoma. Jina lake ni la Mtanzania. Picha zake ni za mtindo uliozaliwa Dar es Salaam. Mikono iliyozipa picha hizo mwendo ilikuwa Nairobi. Ngano zake ziliokotwa pembe nyingi za Afrika. Fedha na amri ya kutengenezwa kwake zilitoka London na katika kampuni ya Disney ya Marekani, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Mtoto wa Unguja au wa Mombasa akikitazama kipindi kimoja cha mfululizo ule hukuta kila kitu anakifahamu isipokuwa maneno. Hapo ndipo penye jambo la kuzungumza.

Ubao na rangi ya baiskeli

Kabla ya kuingia katika karakana ya katuni, hatuna budi kwanza kumkumbuka mwenye jina. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini mwa Tanganyika, katika wilaya ya Tunduru, na mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1932. Kama vijana wengi wa kusini wa zama zake, alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye akateremkia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za namna nyingi, ikiwemo ya kutunza bustani ya Mzungu. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alianza kuchora kwa nia ya kuuza mwaka 1968 hivi, na alichokuwa nacho ni vifaa vya mtu maskini: vipande vya ubao laini wa dari, vilivyokatwa mraba wa futi mbili kwa mbili hivi, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli.

Vifaa hivyo ndivyo vilivyoamua sura ya sanaa yake, na jambo hili lina uzito katika yale yatakayofuata. Rangi ya baiskeli haichanganyiki kwa wepesi kama rangi ya maji, wala haikauki upesi. Mchoraji hulazimika kupaka tabaka moja, akangoja, kisha akaweka jingine juu yake. Kwa hivyo picha ya Tingatinga haina vivuli vinavyofifia taratibu wala umbali unaopotea machoni. Nyuma huwa rangi moja, kavu na wazi. Mbele husimama mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, amejaa ubao mzima mpaka pembeni, na mwili wake umepambwa kwa nukta na mistari. Ubao ni mdogo, rangi ni chache, na mnyama ni mkubwa. Msomaji wa mashairi atautambua mara moja ubanifu wa namna hii, kwani ni ule ule wa mtunzi aliyepewa mizani minane na akaambiwa aseme yote humo.

Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, huko Oyster Bay, mtaa uliokuwa na wageni wengi, na mkewe alisaidia kuziuza. Wanunuzi walipozidi, Tingatinga aliwachukua jamaa zake na watu wa kwao akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda na wengineo. Hawakuwa wanafunzi wa darasani. Walikaa chini pamoja naye, wakaangalia mkono wake, wakaiga, mpaka kila mmoja akapata mkono wake mwenyewe. Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia, akafa. Umri wa kazi yake yote ya kuchora haukufika hata miaka mitano.

Mtindo haukuzikwa naye. Wanafunzi waliendelea kuchora pale pale Oyster Bay, na wanafunzi wao wakaendelea baada yao, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Kidogo kidogo ubao wenye mnyama mmoja ukajaa: vijiji, masoko, bahari, hospitali, mashetani, minazi, na makundi ya wanyama wanaokutana kisimani. Watalii walizipeleka picha hizo kila pembe ya dunia. Na lugha yetu nayo ikachangia mzaha wake, maana tingatinga katika Kiswahili ni trekta, mashine ya kulimia na kusukumia udongo. Jina la mtu, jina la mashine na jina la mtindo yakawa neno moja, na mgeni asiyejua Kiswahili hakuweza kulisikia neno hilo kwa masikio yetu.

Kutoka ubaoni hadi kwenye kioo

Katuni katika Afrika si jambo geni. Misri walikuwa na katuni zao tangu miaka ya 1930, na Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akitengeneza filamu za michoro katika miaka ya 1960. Lakini hapa kwetu, tangu Televisheni Zanzibar ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hata baada ya Tanzania Bara kupata vituo vyake katika miaka ya 1990, katuni aliyoitazama mtoto ilikuwa bidhaa ya kuagizwa, kama vile kitambaa au saa. Ilikuja imekwisha tengenezwa. Alichobakiwa nacho mtazamaji ni kucheka. Kulikuwa na jitihada za kuigeuza hali hiyo, mathalan mpango wa UNESCO ulioitwa Africa Animated, ulioanza mwaka 2004 kwa madhumuni ya kuwafunza wachoraji wa Kiafrika kutengeneza katuni za watoto wao wenyewe. Lakini mafunzo bila ya kazi ya kudumu ni kama mashua bila ya upepo.

Upepo ulitoka London. Claudia Lloyd, mtayarishaji wa kampuni ya Tiger Aspect aliyekuwa amekwisha shughulika na katuni maarufu ya Charlie and Lola, alivutiwa na picha za Tingatinga na akaona kwamba ndani yake mnalala katuni. Wazo lake halikuishia kuiga picha. Alitaka ngano za Kiafrika, hususan zile zinazoeleza chanzo cha mambo, ziwe ndiyo masimulizi, na alitaka kazi ya uhuishaji ifanyike Afrika Mashariki yenyewe. Wakati huo njia nyepesi kwa kampuni ya Ulaya ilikuwa kuzipeleka katuni zake katika nchi za Asia, ambako viwanda vya kazi hiyo vilikuwapo zamani. Nairobi kiwanda cha ukubwa uliohitajika hakikuwapo. Kilibidi kiundwe.

Kiliundwa ndani ya Homeboyz, kampuni ambayo wakaazi wa Nairobi waliijua kwanza kwa wapiga santuri wake. Makumi ya vijana walikusanywa. Baadhi yao walikuwa wachoraji, wengine walikuwa mafundi wa kompyuta, na waliokuwa wamewahi kufanya kazi ya mfululizo wa televisheni walikuwa wachache. Ilibidi wajifunze kazi huku wakiifanya, na huku tarehe ya kukabidhi ikiwangoja.

Ni vyema msomaji asiyeijua kazi hii aelewe ukubwa wake. Televisheni ya Uingereza huonyesha picha 25 katika kila sekunde. Dakika 11 basi ni picha 16,500. Vipindi 52 ni dakika 572, yaani saa tisa na nusu na zaidi kidogo, na hizo ni picha zipatazo laki nane na elfu hamsini na nane. Hata kama katika uhuishaji picha moja huweza kushikiliwa kwa muda, na mandhari moja kutumika mara nyingi, bado kila kope inayopepesa na kila mkia unaotikisika ni uamuzi wa mtu fulani aliyekaa mbele ya kioo.

Kazi yenyewe huenda kwa daraja. Kwanza huandikwa maneno. Kisha waigizaji hurekodi sauti kabla ya picha yoyote kutembea, kwa kuwa ni picha inayoifuata sauti, sauti haiifuati picha. Kwa toleo la Uingereza sauti hizo zilitolewa na waigizaji wa huko, Lenny Henry miongoni mwao. Halafu hupangwa michoro midogo midogo, kama kurasa za kitabu cha picha, kuonyesha kila tukio litakavyoonekana. Michoro hiyo hupimwa pamoja na sauti ili ijulikane urefu wa kila tendo. Ndipo wahusika hukatwakatwa.

Neno hili la kukata si la mzaha. Mhusika wa katuni ya namna hii hutengenezwa kwa vipande, kama kibaraka cha ngozi: kiwiliwili mbali, kila mguu mbali, masikio, mkonga, macho, kope, na kinywa chenye maumbo kadhaa ya kutamkia. Vipande hivyo huunganishwa katika kompyuta kwenye viungo, na mhuishaji huvisogeza picha baada ya picha. Na hapa ndipo ule umaskini wa vifaa vya Tingatinga ulipogeuka kuwa neema. Mtindo usio na vivuli, usio na umbali, wenye mnyama aliyechorwa kwa upande na rangi zilizotengana waziwazi, ndio mtindo unaokubali kukatwa vipande bila ya kuharibika. Picha ya kizungu yenye nuru na giza ungeikata ukaona jeraha. Chui wa Tingatinga ukimkata mguu na kuuzungusha hubaki chui yule yule.

Tatizo lilikuwa nukta. Pambo la Tingatinga ni nukta, mamia ya nukta, na macho ya binadamu ni mahakimu wakali wa nukta. Laiti mchoraji angelichora upya mnyama mzima kwa kila picha, kama walivyofanya mafundi wa zamani, nukta zisingelikaa mahali pamoja, na ngozi ya mnyama ingelichemka kama uji jikoni. Njia ya vipande huliponya hilo, kwa sababu nukta huchorwa mara moja juu ya kila kipande na husafiri pamoja nacho. Lakini kwenye kiungo, pale goti linapokunjwa au shingo inapogeuka, pambo la kipande kimoja hulazimika kukutana na la kingine. Mshono huo wote hauonekani ukifanywa vizuri. Mtoto hawezi kusifu kitu asichokiona, na mafundi wa kazi hii wameridhika kuishi bila ya sifa hiyo.

Ngano na wimbo

Vipindi vyote vya mfululizo vilijengwa juu ya swali la aina moja. Kwa nini tembo ana mkonga? Kwa nini nyoka hana miguu? Kwa nini mbu huvuma? Kwa nini popo huning'inia kichwa chini? Kwa nini kiboko hana manyoya? Wataalamu wa fasihi simulizi huziita ngano za usuli, na hakuna Mswahili aliyelelewa na bibi asiyezijua. Msimulizi wa katuni ni Tumbili Mwekundu, mcheshi asiyetulia, na wanyama wote wanaishi jirani, wakikutana, wakigombana na kupatana.

Ngano zenyewe si za mahali pamoja. Ile ya buibui mwenye kiuno chembamba ni ndugu wa hadithi za Afrika Magharibi, ambako buibui ndiye ayari mkuu, kama sungura alivyo kwetu. Ile ya kobe mwenye gamba lililopasuka husimuliwa kwa namna tofauti kutoka Nijeria mpaka kusini. Katika mfululizo zote ziliwekwa chini ya mti mmoja. Mtu anaweza kulalamika kwamba Afrika imefanywa kijiji. Lalamiko hilo lina haki yake, kwani mtoto wa Uingereza hakuambiwa ni ngano gani ya Waakani na ni ipi ya Wagikuyu. Lakini hatuna budi kukumbuka pia kwamba ngano hazijapata kukaa mahali pamoja. Sungura wetu ana jamaa mpaka Marekani, alikofikishwa na watu waliopelekwa utumwani, na katika ngano za mwambao wamo wafalme na mawaziri waliovuka bahari kwa majahazi ya kusi na kaskazi. Ngano husafiri. Linalotofautiana ni nani anayeibeba na kwa lugha ipi.

Palipokuwa na ustadi wa Kiafrika usio na shaka ni katika muziki. Nyimbo za mfululizo zilitungwa na Eric Wainaina, mwanamuziki wa Nairobi ambaye Wakenya walimjua sana kwa wimbo wake Nchi ya Kitu Kidogo, uliokemea rushwa, na ambaye alisomea muziki katika chuo cha Berklee, Boston. Wimbo katika katuni za kawaida huwa pambo la mwanzo na la mwisho. Katika ngano zetu wimbo ni mhimili. Msimulizi hufika mahali ambapo maneno hayatoshi, akaimba, na wasikilizaji wakaitikia, na mara nyingi siri ya hadithi imo ndani ya kiitikio. Wainaina aliwaandikia watoto wasioijua desturi hiyo nyimbo zinazowafanya waitikie bila ya kufunzwa. Katika sehemu zote za mfululizo, hii ndiyo iliyokaribia zaidi ukumbi wa hadithi wa bibi, pale msemaji asemapo paukwa na asisogee mpaka ajibiwe pakawa.

Kuhusu lugha, tuseme wazi. Mfululizo uliandikwa kwa Kiingereza kwa kuwa uliagizwa na watu wanaozungumza Kiingereza kwa ajili ya watoto wao. Hakuna hila katika hilo, aagizaye ndiye achaguaye. Lakini lugha katika katuni haiko masikioni peke yake. Imo midomoni. Tumekwisha kuona kwamba kinywa cha mhusika huchorwa kwa maumbo maalumu na kwamba picha hufuata sauti iliyokwisha rekodiwa. Kiingereza hupenda kufunga neno kwa konsonanti, na kinywa kikafungwa nalo. Kiswahili hukamilisha takriban kila silabi kwa irabu, na neno letu huisha kinywa kikiwa wazi. Ndiyo maana kina chetu ni rahisi kusikika, na ndiyo maana mtunzi wetu huhesabu mizani kwa vidole bila ya kukosea. Kwa hivyo tembo aliyechorwa akizungumza Kiingereza, hata akitiwa sauti ya Kiswahili baadaye, atafumba kinywa pale tunapofumbua. Mtoto hataweza kueleza kasoro iko wapi, lakini ataihisi kama anavyohisi shairi lililopungua mizani.

Mali ya nani?

Sasa turejee kwenye swali letu la mwanzo. Mtindo wa Tingatinga ni mali ya nani?

Sheria ya hakimiliki, popote duniani, hulinda kazi iliyokamilika, hailindi namna ya kuifanya. Picha fulani ya chui iliyochorwa na mchoraji fulani ina mwenyewe. Desturi ya kuchora chui kwa nukta juu ya rangi moja haina. Kwa upande mwingine, sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, ili zisitumiwe kibiashara ovyo bila ya ruhusa. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 2003. Lakini Tingatinga haingii kwa urahisi katika mlango wowote kati ya hiyo miwili. Ni changa mno kuitwa ya jadi, kwani tunamjua aliyeianzisha na mwaka alioanza. Na imeenea mno kuitwa ya mtu mmoja, kwani imepita katika mikono ya vizazi kadhaa vya wanafunzi. Imekaa katikati, kama mtoto wa kambo baina ya nyumba mbili, kila nyumba ikidhani kala kwa wenziwe.

Wako wasemao kwamba wageni walichukua na wakaondoka. Wako wajibuo kwamba kama si wageni, rangi ile isingelifika nje ya Oyster Bay, na kwamba hata Tingatinga mwenyewe alichora kwa ajili ya macho ya wageni tangu siku ya kwanza. Kila kauli ina sehemu yake ya ukweli. Wateja wa mwanzo wa ubao wa Tingatinga hawakuwa wakaazi wa Magomeni wala Kariakoo, na mtindo huu haukuwahi kuwa mtindo wa kupamba kuta za nyumba zetu kama zinavyopambwa kwa mabuli na sahani za kaure. Tuliuona kuwa ni kitu cha watalii. Wengi wetu tulipita mbele yake kila siku bila ya kusimama. Sasa kitu tusichokisimamia tukamlaumu vipi aliyesimama?

Hata hivyo, kukiri hivyo hakumpi mtu haki ya kusahau. Tingatinga alikufa maskini. Jina lake liliwekwa juu ya kipindi, juu ya vitabu vya watoto vilivyofuata kipindi, na lingeliweza kuwekwa juu ya chochote, kwa kuwa lilikwisha kugeuka kutoka jina la mtu hadi jina la mtindo. Mtoto wa Manchester aliyeipenda katuni ile hakuwa na sababu ya kujua kwamba palikuwa na mtu mwenye jina hilo, aliyekata mkonge Tanga, aliyenunua rangi ya baiskeli kwa fedha za kibarua, na aliyeuawa kwa kudhaniwa mwingine. Mtu yule aliyepotea kwa kukosewa sura anapotea mara ya pili kwa kuchukuliwa jina. Deni hili halidaiwi mahakamani. Hulipwa kwa kutaja, na sisi wenye Kiswahili ndio wa kwanza tunaopaswa kulipa, kwani ni nani atakayemtaja ikiwa watu wa lugha yake hawamtaji?

Kilichobaki

Vipindi 52 vilikwisha. Viliendelea kurudiwa katika nchi mbalimbali, kama ilivyo desturi ya katuni za watoto, kwa sababu kila baada ya miaka michache huja kizazi kipya kisichozijua. Lakini hakukuagizwa vipindi vingine. Hili ndilo tatizo la karakana inayoishi kwa amri ya mbali: amri ikikatika, moto hupoa, hata kama mafundi wangali na nguvu. Wale vijana waliojifunza kwa haraka namna ya kumfanya kobe atembee ilibidi kila mmoja atafute njia yake, katika matangazo ya biashara, katika filamu fupi, au katika karakana ndogo ndogo za wao wenyewe.

Ngano zenyewe hazikulala. Mwaka 2018 Tinga Tinga Tales ilirudi kwa sura ya mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, Wainaina akiwemo tena, ukaonyeshwa Nairobi kisha New York. Safari hii wahusika walikuwa watu wenye miili, na kiitikio kilipata waitikiaji waliokaa mbele yake.

Na Dar es Salaam, mji wa Tingatinga, palitokea jambo lililojibu sehemu ya swali letu. Mnamo Januari 2014 Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa na TBC, ikiwa ni katuni iliyotengenezwa hapo hapo mjini, kwa Kiswahili, kwa ajili ya kuwafunza watoto hesabu na sayansi kwa nyimbo. Haina nukta za Tingatinga, wala haidai urithi wake. Lakini kinywa cha mhusika wake hufunguka pale kinywa cha mtoto wetu kinapofunguka. Baadaye ikatafsiriwa kwa lugha nyingine, na hivyo kwa mara moja safari ikageuka: katuni ikatoka katika Kiswahili kwenda Kiingereza.

Linalobaki ni kazi yetu sisi wa kalamu. Karakana ya katuni, kama tulivyoona, huanza na maneno, na picha huja nyuma yake. Wachoraji tunao. Mafundi wa kompyuta tunao kuliko waliokuwapo mwaka 2010. Watunzi wa nyimbo hatujapata kuwakosa, na visiwa hivi haviishiwi na malenga. Wasio wengi ni waandishi wanaokaa chini kumwandikia mtoto wa miaka mitano dakika kumi na moja za Kiswahili kilichopimwa, chenye kiitikio anachoweza kukishika mara ya pili ya kusikia, na ngano anayoweza kumsimulia mdogo wake kesho. Washairi wetu wamekuwa wakiiona kazi hiyo kuwa ni ndogo. Aliyewahi kujaribu kutunga ubeti wa watoto usiopwaya hata neno moja anajua kwamba si ndogo, na Tingatinga, aliyepewa ubao wa futi mbili akamtia tembo mzima, angelituambia vivyo hivyo.